Uliza Ujibiwe: Nimealikwa kukesha usiku wa Shavuot, niende vipi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Rafiki yangu wa kazini ni Myahudi na amenialika sinagogi kwao usiku wa Shavuot, anasema watakesha wanasoma mpaka kunakucha, alafu kuna vyakula vya maziwa maziwa tu. Mi sio Myahudi na sijui chochote. Hii sikukuu ni ya nini hasa, kwanini wakeshe wakati mchana upo, nibebe nini, na je sitaonekana kama mtu aliyevamia harusi ya wenyewe?
*Mgeni Mwenye Wasiwasi*

JIBU: Marahaba mgeni wetu. Toa hofu kwanza, hujavamia, umepewa kadi na mwenye shughuli. Na hilo neno harusi umelisema bila kujua ila umelenga, maana wapo Wayahudi wa Kisefardi, wenye asili ya Hispania, ambao siku hiyo wanasoma kabisa hati ya ndoa, ketuba, bwana harusi ni Mungu na bibi harusi ni Israeli, imeandikwa kishairi na Rabi Israel Najara tangu karne ya 16.

Shavuot maana yake majuma. Kuanzia usiku wa pili wa Pasaka ya Kiyahudi watu wanahesabu kila jioni kwa sauti, leo siku ya kwanza, leo siku ya pili, hivo hivo mpaka 49, na ya 50 ndo sikukuu yenyewe, tarehe 6 ya mwezi wa Sivani. Kwa kalenda yetu hii ya ukutani inaangukia kati ya katikati ya Mei na katikati ya Juni. Israeli wanasherehekea siku moja, nje ya Israeli ni mbili, ingawa wale wa madhehebu ya Reform, Wayahudi waliolegeza baadhi ya desturi za zamani, wengi wanafanya moja tu.

Ukifungua Torati yenyewe utaikuta ni sikukuu ya mavuno ya ngano, watu wanapeleka mikate miwili iliyotiwa chachu na malimbuko ya matunda Hekaluni. Marabi wakapiga hesabu za safari ya kutoka Misri wakaona Torati ilitolewa mlima Sinai siku hizo hizo, na Hekalu lilipobomolewa mwaka 70 mambo ya vikapu na mikate yakawa hayana pa kupelekwa, basi Sinai ikachukua uongozi wa sikukuu.

Sasa kitu ambacho mi kinanifurahisha ni hiki. Pasaka ina mkate wake usiochachuka, Sukot, sikukuu ya vibanda, ina kibanda, mwaka mpya wao una baragumu, ila Shavuot haina kitu. Hakuna chombo, hakuna kifaa ambacho ukikishika unasema hapa nimesherehekea. Kilichobaki ni watu wenyewe kukusanyika pale inaposomwa. Kutoka 19:2 kwa Kiebrania inasema wana wa Israeli walisafiri, walipiga kambi jangwani, yote kwa wingi, alafu ikifika pale mbele ya mlima kitenzi kinageuka cha mtu mmoja, yani kama vile sisi tungesema Israeli *akapiga* kambi badala ya *wakapiga*. Rashi, yule mfafanuzi mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 11, anasema ni kwa sababu pale walikua kama mtu mmoja mwenye moyo mmoja. Kiswahili kinalibeba hilo kwa silabi moja tu, a na wa. Kwahiyo rafiki yako kukuita usiku huo sio mambo ya adabu tu, na Kumbukumbu la Torati 16 ikitaja nani wafurahi siku hiyo inamtaja mwana, binti, mtumwa, Mlawi, yatima, mjane, na mgeni. Mgeni ndo wewe.

Kuhusu kukesha: kuna masimulizi ya kale ya marabi kwamba asubuhi ya kupewa Torati Waisraeli walilala wakapitiliza, Musa ikabidi aende kuwaamsha. Fikiria aibu hiyo! Basi wajukuu wanalipa deni, hawalali. Desturi yenyewe ilishika sana kupitia wanafumbo, watu wa siri za dini, wa mji wa Safed, Galilaya, karne ya 16, na mi huwa nawaza kahawa ilisaidia, maana ni karne hiyo hiyo ilikua inaenea kwenye milki ya Waosmani, wale Waturuki waliokua wanatawala huko. Wanauita Tikuni, kama kusema marekebisho.

Sasa ya kubeba. Simu acha nyumbani au izime kabisa, usipige picha hata moja, na kama sinagogi lenyewe ni la Kiothodoksi, yani Wayahudi wanaoshika sheria za zamani kikamilifu, hata swichi ya taa usiguse. Kingine ambacho hakuna atakayekwambia: usibebe kalamu. Mi mwaka wa kwanza nilialikwa nikaenda na daftari jipya, nikajua si ni usiku wa masomo bwana, nikakaa, nikafungua ukurasa, nikaandika tarehe juu, mzee aliyekaa pembeni yangu akaweka kiganja chake taratibu juu ya ile karatasi akaninong'oneza kwamba siku ya sikukuu hatuandiki. Watu zaidi ya thelathini wanasoma, wanabishana, wanapiga meza, na hakuna hata mmoja anayeandika. Unasikiliza tofauti kabisa ukijua huwezi kuandika.

Chakula cha kupika kwako usipeleke, hata kama ni kitamu namna gani, jiko lako halifuati kosher, sheria za Kiyahudi za chakula, na utawaweka kwenye wakati mgumu wa kukataa. Matunda mazima ambayo hayajakatwa, au maua, ila wapelekee kabla jua halijazama. Maua yanaingia vizuri sana sababu sinagogi nyingi zinapambwa majani mabichi, wanasema Sinai ilichanua siku ile. Vaa nguo ya heshima, na kama wewe ni mwanaume utapewa kofia ndogo mlangoni, vaa tu.

Maziwa maziwa ni keki ya jibini na zile chapati nyembamba zilizokunjwa na jibini ndani. Sababu utapewa nne na kila mtu atakwambia yake ndo ya kweli. Moja ni kwamba walipopokea sheria za nyama vyombo vyao na nyama zao zote zikawa hazifai, wakala maziwa. Nyingine, neno la Kiebrania la maziwa, halav, herufi zake zikihesabiwa kama namba zinafika 40, siku ambazo Musa alikaa mlimani. Mi naipenda ya Wimbo Ulio Bora, asali na maziwa chini ya ulimi, inatosha kwangu.

Usiondoke saa tisa usiku ukajiona umeshamaliza, utakosa utamu. Kwenye alfajiri dirisha linaanza kuwa bluu, watoto wamelala kwenye mabenchi wamefunikwa makoti ya baba zao, watu macho mekundu wanaanza sala, na msomaji akifika kwenye zile Amri Kumi jamii nyingi wanasimama wote kwa pamoja, mabenchi yanalia kwa wakati mmoja, na wale watoto wanaamshwa. Hapo simama na wewe.

SWALI: Si hii ndo Pentekoste jamani? Kwanini mnatuzungusha na majina?
*Msomaji wa Kanisani*

JIBU: Hatukuzungushi ndugu, jina ndo limezunguka. Pentekoste ni neno la Kigiriki, ya hamsini, Wayahudi waliokua wanaongea Kigiriki ndo walivyoiita Shavuot. Wale watu wa kila taifa unaowasoma Matendo 2 wamejaa Yerusalemu, walikua mjini kwa sababu ya sikukuu hii. Ila makanisa yanahesabu kutoka Jumapili ya Pasaka yao na Wayahudi wanahesabu kutoka Pasaka yao, kwahiyo siku mara nyingi hazikutani. Na usidhani wao kwa wao hawakubishana, Masadukayo walitaka kuanza kuhesabu Jumapili, Mafarisayo wakasema ni kesho yake ya siku ya kwanza ya Pasaka, na Wakaraimu, Wayahudi wasiofuata mapokeo ya marabi, mpaka leo Shavuot yao lazima iwe Jumapili.

SWALI: Sisi ni familia chache tu za Kiyahudi tunaokutana nyumbani kwa mtu, hatufiki watu wazima kumi, rabi hatuna. Kila mwaka Shavuot kila mtu anakula keki kwake analala. Tufanyeje iwe ya pamoja?
*Wachache*

JIBU: Poleni, ila wachache mnaweza mengi kuliko mnavyodhani. Bila kumi, ile minyani, hamtasoma kwenye gombo la Torati kwa baraka zake wala kusema sala ya Kadishi, hilo liacheni bila kujilaumu. Kusoma na kubishana hakujawahi kuhitaji idadi, Amri Kumi someni kwenye kitabu cha kawaida na waleteni watoto wote wazisikie, hata yule wa mgongoni.

Msitafute mwalimu. Gaweni usiku, kila mtu dakika 20, afundishe kitu kimoja anachokijua, mshonaji aongelee mavazi ya makuhani, mkulima aongelee ile sheria ya kuacha pembe za shamba kwa maskini ambayo Walawi 23 inaiweka palepale baada ya sikukuu hii, kijana wa miaka 13 apewe zamu yake pia na msimkatize. Kitabu cha Ruthu kina sura nne tu na ndo kinachosomwa kwenye sikukuu hii, ni cha mavuno na ni cha mwanamke mgeni aliyesema watu wako ni watu wangu, sura moja kila nyumba na usiku umeshaenda. Mambo ya nani anasoma nini pangeni kabla, sababu ikishaingia hakuna kuandika wala kupigiana simu.

Wenye watoto wadogo walete magodoro. Na keki isitoke mapema, ifichwe jikoni mpaka Ruthu amefika kwenye shamba la Boazi, nimeona mwenyewe ikiwekwa mezani mwanzoni, watu wakala, wakashukuru, wakatafuta viatu vyao.