Mgeni akisema "half", mpe nini? Kiingereza cha kaunta

Msomaji anayehudumu baa ya hoteli ya kitalii ameandika kwamba Kiingereza anakijua, ila wageni wakishakaa kaunta wanamwacha njiani. Ndugu yangu, maneno ya ulevi shuleni hayafundishwi, na hata Mwingereza na Mmarekani hawaelewani.

Anza na vipimo, maana hapo ndipo bili inapoleta ugomvi. "Pint" ya Mwingereza ni bia ya mililita 568. Ya Mmarekani ni 473. "Half" ni nusu ya painti ya Mwingereza, mililita 284, si nusu chupa. Kwenye pombe kali, "single" ya Uingereza ni toti ya mililita 25 au 35, kutegemea baa. "Double" ni toti mbili ndani ya glasi moja. Kama toti yenu ni 30, mwambie kabla hujamimina.

"Neat" ni kavu, bila maji wala barafu. "On the rocks" inamiminwa juu ya barafu. "Up", kwenye kokteli, ndiyo inayowaponza wengi: unapoza kwa barafu, unachuja, barafu haifiki kwenye glasi.

Chunga sana "cider". Kwa Mwingereza ni pombe ya tufaha. Kwa Mmarekani mara nyingi ni juisi tu, na huenda anamwagizia mtoto. Uliza. Vilevile "lemonade": Mwingereza anataka soda nyeupe ya limau, Mmarekani anataka maji ya limau na sukari. Ukiagizwa "shandy", changanya bia na ile soda, nusu kwa nusu. Ukiweka maji ya limau umeiharibu bia.

"Same again" ni rudia ileile. "I'm good" ukiwa umeshika chupa ni hapana, imetosha, kwa hiyo usimimine. "It's my round" maana yake zamu hii analipa yeye kwa meza nzima. Usiichukulie kama ofa ya kwetu, ambayo haidai kulipwa. Kwao kila aliyekunywa anatarajiwa kuzungusha, kwa hiyo andika kila raundi kwa jina la aliyeiagiza, usirundike yote kwenye bili moja.

Kulewa kuna ngazi. "Tipsy" amechangamka. "Hammered", "plastered" na "legless" ni chakari. "Pissed" kwa Mwingereza ni amelewa, kwa Mmarekani amekasirika, na kote ni neno la mtaani. Yasikie, yaelewe, lakini wewe mhudumu usimtamkie mgeni hata moja. Unapotaka kusimamisha huduma, zungumzia maji, chakula au teksi.

Asubuhi akitaka "hair of the dog", anataka kuzimua. Na anayesema "I'm on the wagon" ameacha pombe: mletee soda au maji yenye limau kwenye glasi nzuri, bila kumuuliza sababu wala kumbembeleza aonje.