Mashine iliniambia supu haiendi, nikaiamini

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja ana mgahawa, anasema "Kaka, nimepiga hesabu ya oda zangu za miezi mitatu, kuna vyakula sita haviendi kabisa, nivitoe kwenye menyu?" Nilikuwa nishalala, nikaamka nikakaa kitako. Maana meseji hiyo hiyo ningeweza kuiandika mimi miaka minne iliyopita, tofauti ni kwamba mwenzenu sikumuuliza mtu. Nilitoa tu.

Nianze na ukweli wenye aibu. Mashine ya oda nilinunua kwa sababu moja, kukamata wezi. Zamani tulikuwa tunaandika kwenye vikaratasi, karatasi inaingia jikoni hairudi, jioni hela na oda haviongei lugha moja. Na wala sikuwa wa kwanza, hii mashine ya kaunta yenyewe ndo ilivyozaliwa, jamaa mmoja James Ritty alikuwa na baa kule Dayton, Ohio, kachoka kuibiwa na watu wake mwenyewe, akatengeneza mashine ya kuhesabu mauzo akaisajili mwaka 1879. Kwa hiyo sisi wote tumerithi macho ya polisi, tunafungua ripoti tunamtafuta mhudumu, mteja hatumwoni kabisa. Mimi mwaka mzima nilisoma safu moja tu, ya oda zilizofutwa. Nikamkamata mmoja, nikatamba sana, nikajiona nimemaliza kazi.

Afu nikakutana na ile njia ya kuchambua menyu ya Kasavana na Smith ya mwaka 1982, wanaosoma mambo ya hoteli wanaijua. Kila chakula unakipima kwa vitu viwili, kinaagizwa kiasi gani na kinakubakizia shilingi ngapi ukishatoa gharama ya malighafi. Kama menyu ina vyakula 20, kila kimoja haki yake ni asilimia 5 ya oda, unachukua asilimia 70 ya hiyo unapata 3.5, chakula kikishuka chini ya hapo hakipendwi. Faida unailinganisha na wastani wa menyu nzima. Mwisho unapata makundi manne: nyota (kinaagizwa sana na faida ipo), farasi wa kulima (kinaagizwa sana ila faida ndogo), fumbo (faida ipo, waagizaji hamna) na mbwa, ambacho hakina hiki wala kile. Njia nzuri, sina ugomvi nayo, naitumia mpaka leo. Ugomvi ni mimi niliyejifunza usiku mmoja kwenye Excel asubuhi nikaamka profesa.

Supu ya samaki ilikuwa oda 2 kwenye kila 100. Faida yenyewe kiduchu maana samaki lazima awe wa siku hiyo hiyo. Mbwa! Nikaifuta. Mpishi wangu, mtu mzima, kanizidi miaka kama ishirini, akaniambia taratibu tu, "Bosi, hiyo supu ina watu wake." Nikamjibu, "Mzee, namba hazidanganyi." Nikikumbuka hiyo sentensi natamani ardhi ipasuke.

Wiki ya tatu Alhamisi mchana nikaona meza ya kona iko tupu, ya nne tupu, ya tano nikauliza. Kumbe kuna kundi la watu saba nane lilikuwa linakuja kila Alhamisi, na kati yao mnywa supu alikuwa mzee mmoja tu, wengine wanakula chochote utakachowawekea. Ila wakiulizana leo tule wapi, wanamwangalia mzee. Supu moja ilikuwa inaniletea sahani saba, mi nimeiona moja!

Na kinachouma zaidi, data ilikuwemo. Nilirudi nikafungua bili moja moja badala ya kusoma jumla ya kila chakula, nikakuta supu iko kwenye bili nyingi kubwa kubwa za wiki. Ripoti yangu ilikuwa inachukua meza ya watu inaivunja vipande, kuku huku, soda kule, supu pembeni, afu inaniletea vile vipande mi naviita wateja. Dada yangu, na wengine mnaosoma, usiulize chakula kimeuzwa mara ngapi tu, uliza kimeuzwa pamoja na nini na meza ilikuwa na watu wangapi. Kama mashine yako haiandiki idadi ya watu wa meza, walazimishe wahudumu waandike, kazi ya sekunde mbili.

Ngoja, haijaisha. Nilipokuwa nachimba nikaona oda zote za supu ziko kabla ya saa saba na nusu. Nikafurahi, nikamwambia mhudumu, unaona, wapenda supu wanakula mapema, hiyo ndo tabia ya mteja. Akanicheka. "Bosi, saa saba na nusu supu inakuwa imeisha, wakija tunawaambia hamna." Yani ile asilimia 2 niliyoitolea hukumu ilikuwa ukubwa wa sufuria yangu! Mashine inaandika mteja alichopewa, alichotaka haikijui. Aliyeambiwa supu hamna akaagiza kuku, kaandikwa mpenda kuku. Aliyeinuka akaondoka hajaandikwa popote.

Sasa hivi kwenye mashine nina kitufe kinaitwa HAMNA, bei yake sifuri, mteja akitaja kitu kilichoisha mhudumu anakibonyeza na kuandika jina la chakula. Ripoti ya kwanza ninayofungua asubuhi ni hiyo, mauzo baadaye. Wahudumu mwanzoni walikuwa hawabonyezi, wakidhani nawatega, na nani awalaumu, mashine si nilileta kwa ajili ya kuwatega? Ilibidi niwaombe radhi kwanza.

Mwenzangu tuliyeanza naye alitoa hela yake kipindi kile kile, akasema nimekuwa mtu wa kuchezea kompyuta badala ya kukaa kaunta. Aliyasema mbele ya wafanyakazi. Sijamsamehe vizuri, ila kwenye kukaa kaunta hakukosea, na nyie mnaokaa nyumbani mnasoma mauzo kwenye simu mnajiita mnamjua mteja, nendeni mkakae kaunta. Ripoti ikikwambia kitu, mpelekee mpishi, mpelekee mhudumu, uwaulize kwa nini, afu nyamaza wakujibu. Usifute kitu kabla hujauliza. Narudia, uliza kwanza.

Dada, hivyo vyakula vyako sita nitumie bili nzima nzima zilizo navyo, na saa zake, jumla sihitaji. Na muulize mpishi anapika kiasi gani cha kila kimoja kwa siku.

Supu nimerudisha, sasa ni sufuria mbili. Wawili wa lile kundi la Alhamisi wamerudi, wanakula kuku. Mzee bado.