Usiniulize rangi gani, niambie lipu imepigwa lini

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia: "Kaka, nahamia Desemba. Sebuleni nipige silki au rangi ya maji ya kawaida? Na krimu ipi inatulia?" Nikamuuliza lipu imepigwa lini. Wiki mbili, akajibu. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakata. Nilijiona mwenyewe mwaka 2019.

Nyumba yangu iko Kigamboni. Habari za kiwanja, msingi na bati sizisimulii, sote tunajenga, mnazijua. Nianzie kwenye lipu. Mwenye gari aliapa kuwa mchanga wake ni wa mtoni, si wa baharini wenye chumvi. Sikuushika, niliuliza bei tu. Lipu ikaisha Jumamosi, na mimi nilishawaambia watu kuwa Idi Kubwa wanakula kwangu. Nikamwita fundi rangi, mzee wa watu, akaweka kiganja ukutani akakiacha pale muda mrefu. "Mwanangu, huu bado unatoa jasho. Uache kwanza." Nikamwona anatafuta siku za posho. Nikamwongezea elfu hamsini akanyamaza, akapiga skimu, ule unga laini wa kusawazisha ukuta, akapiga msasa, akashusha koti mbili za silki, ile rangi ya maji inayong'aa. Siku ya Idi ukuta unang'aa, wageni wanasifia, mimi kichwa kimevimba.

Vuli ya mwaka ule ilinyesha kweli kweli. Siku moja nafagia nikaona vipele chini ya dirisha, vikubwa kama punje za njugu. Nikakibonyeza kimoja, kikapasuka, ukamwagika unga mweupe laini kama wa ngano. Nikaulamba. Chumvi tupu! Baada ya hapo rangi ikawa inatoka magamba magamba. Kaka yangu mkubwa akaja na shemeji, akaketi, akautazama ukuta kitambo, akasema, "Mdogo wangu, ukuta wako umeota ukurutu." Mbele ya wanangu. Tunaongea naye vizuri siku hizi, lakini neno lile bado liko hapa.

Kwa hasira nikanunua rangi ya mafuta, ya bei, nikijua maji hayapiti. Kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Simenti yenye maji ina ukali kama wa magadi, ikikutana na mafuta inafanya kazi ile ile ya watengeneza sabuni. Ukuta ukawa unanata! Mtoto akiegemea, fulana inabaki na alama.

Aliyenifungua macho ni yule yule mzee, niliyemrudia kwa aibu. Maji yanapanda kutoka chini yakiwa yamebeba chumvi ya mchanga na udongo. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki na kuganda, inasukuma rangi. Silki na rangi ya mafuta zinaziba zaidi, kwa hiyo jasho halina pa kutokea. Akanizungusha nje, akanionyesha bustani ya mke wangu: udongo umelundikwa hadi kupita ile nailoni ya msingi iliyowekwa kuzuia unyevu. Maua mazuri, nayo yalikuwa yananywesha sebule yangu. (Bustani ilihamishwa. Hilo nalo lina kisa chake, leo silisemi.)

Tukabandua lipu hadi usawa wa kiuno, tukapiga upya kwa mchanga wa mto niliouosha kwenye ndoo na kuuonja mwenyewe. Simenti inahesabiwa siku 28 kukomaa, lakini kukomaa si kukauka. Mimi nilikaa miezi mitatu. Mzee akanifundisha kipimo kisicho na gharama: kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ulale. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, weka brashi chini. Mimi nilikuta matone mara tatu. Mara ya nne pakavu, tukapiga praima ya ukuta wa simenti, yaani koti ya chini ya kushikisha rangi, kisha rangi ya maji isiyong'aa, koti ya kwanza imechanganywa maji kidogo, ya pili nzito. Masika mbili zimepita. Kaka akija anakaa kwenye kochi lile lile, anautazama, hasemi kitu.

Ndugu zangu, tunapenda mno kuonekana tumehamia. Tunakopa kununua ndoo ya rangi ya kifahari na hatuna subira ya kungoja ukuta ambao haudai hata shilingi. Fundi akikwambia ngoja, ngoja. Na ile skimu ya unga wa jipsamu iishie ndani, usiipeleke nje wala bafuni, ikilowa inalegea kama uji. Huko tumia ya saruji nyeupe. Narudia tena: ngoja ukauke.

Dada yangu, leo usiku bandika nailoni, sehemu ya chini karibu na sakafu. Asubuhi nitumie picha kabla hujaibandua. Ya krimu tutaongea Januari.