Mguu unaongoja mezani

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya miguu bandia hapa Goma, mtaambiwa mwende haraka. Ni haki. Mgonjwa ametoka Masisi au Rutshuru, watoto amewaachia jirani, na kila siku anayolala mjini inamgharimu. Lakini kukimbiza mikono hakumrudishi nyumbani mapema.

Mimi nililiona hilo kwa kalamu. Nilifunga kadi kwenye mguu bandia mmoja wa chini ya goti, na kila aliyeugusa aliandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza: kufunga bendeji za plasta kwenye kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, kumwaga sanamu ya plasta yenye umbo la kigutu hicho, kuichonga, kuivika plastiki, kuunga, kumjaribisha mgonjwa kutembea. Mguu ulikaa kwetu siku 11. Mikono iliufanyia kazi saa 9 tu. Muda uliobaki ulikuwa unangoja: plasta ikauke, umeme urudi, fundi wa kuunga amalize ya jana, mgonjwa aitwe.

Tangu hapo tuliacha kuanzisha miguu mipya ovyo. Hesabu ya jambo hili aliithibitisha John Little, profesa wa Marekani, mwaka 1961: mkiwa na miguu 20 mezani na mnamaliza 2 kwa siku, kila mmoja utakaa siku 10. Ikibaki 8, utakaa siku 4, na hakuna aliyeongeza kasi. Inauma kumwambia mtu kwamba hatumpimi leo. Ndiyo maana wa mbali tunawapigia simu kabla hawajapanda gari.

Kwenye tanuri kuna muda mwingi wa kuokoa. Karatasi ya polipropilini, plastiki tunayoivika sanamu, ya milimita 5 inataka nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 25, na hizo msiziguse. Kinachopotea ni tanuri kuwaka bure huku mtu anatafuta makasi. Soksi ya sanamu, kamba, glovu na pampu ya kuvuta hewa viwe tayari kabla plastiki haijaingia. Sanamu zilizochongwa jana zivikwe asubuhi kwa mfululizo, umeme ukiwapo.

Sasa mnisikilize vizuri hapa. Mwaka wangu wa pili nilitaka kuokoa nusu siku, nikaitoa plastiki kwenye sanamu ikiwa bado ina joto. Polipropilini hujikunja ikipoa bila kushikiliwa, na ile soketi, yaani kikombe cha plastiki kinachoingia kigutu, ilibana kidogo, kiasi ambacho macho yangu hayakukiona. Mama yule alitembea vizuri mbele yangu, akaenda zake. Alirudi baada ya wiki tatu na kidonda juu ya kichwa cha mfupa mdogo wa mguu, nje kidogo chini ya goti. Tukangoja kipone, tukapima upya, tukaanza mwanzo. Nusu siku yangu ilimla miezi miwili, na msimu wa kupanda ukampita. Bado naliona lile goti.

Kwa hiyo kupima kigutu, kupoza plastiki na kumjaribisha mgonjwa msivipunguzie hata dakika. Punguzeni kungoja. Na mkibadilisha hatua yoyote, iandikwe kwenye fishi ya mgonjwa, karatasi yake ya kumbukumbu, ili akirudi na shida tujue tulifanya nini.

Kesho kila mmoja wenu achague mguu mmoja na aufungie kadi. Ijumaa mje nazo, tuzisome pamoja.