Bima ya afya ya kujikatia: anza na kitanda cha hospitali, bei ije baadaye

Kwa miaka kumi na moja nilikaa upande wa ndani wa dirisha la malipo la hospitali. Kazi yangu ilikuwa kupokea kadi za bima na kuangalia zinalipa nini. Maswali mnayoniletea kuhusu bima ya mtu binafsi, ile unayojikatia mwenyewe bila mwajiri, mengi niliyaona yakijibiwa pale dirishani, na mara nyingi jibu lilikuwa limechelewa. Nimechagua machache na kuyafupisha.

Nafanya kazi za kujitegemea, kipato hupanda na kushuka. Nina vipeperushi vya kampuni nne na kila moja inadai ndiyo nafuu. Nianzie wapi?

Weka vipeperushi kando. Omba kila kampuni jedwali la mafao, yaani wanacholipia na kwa kiasi gani, pamoja na orodha ya mambo wasiyolipia, kisha soma hiyo orodha kwanza. Kipeperushi kimetengenezwa kukuvuta. Orodha ile ndiyo itakayofunguliwa siku unaumwa.

Halafu jiulize ni ugonjwa gani ungekufanya uuze ulichonacho. Mafua hayamo. Kuna ajali, upasuaji wa ghafla, saratani, figo, mtoto njiti. Bima za hospitali tangu mwanzo zililenga huko. Mwaka 1929 hospitali ya Baylor mjini Dallas, Marekani, ilikubaliana na walimu: kila mmoja alipe senti 50 kwa mwezi, na akilazwa ahudumiwe hadi siku 21. Walimu wale walikuwa wananunua uhakika wa kitanda, na mpango wao mdogo ndio uliokuja kuzaa Blue Cross, mtandao mkubwa wa bima za afya wa huko Marekani.

Kwa hiyo kama fedha ni chache, zipeleke kwenye kulazwa, tena kwa ukomo (kiwango cha juu ambacho bima italipa) mkubwa kadiri unavyomudu, na huduma za nje, yaani matibabu bila kulazwa, ujilipie mfukoni. Wengi hufanya kinyume. Wanapenda kadi inayolipa daktari, dawa, miwani na meno kwa sababu wanaiona ikifanya kazi kila mwezi, kumbe fao la kulazwa ni kiduchu.

Namkumbuka baba mmoja aliyenijia saa tatu asubuhi. Mkewe alikuwa ameruhusiwa, amekwisha kuvaa, ameketi ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani. Nikaingiza namba ya kadi. Fao la kulazwa lilikuwa limekwisha tangu siku ya nne, na mama yule alilala wodini siku kumi na moja. Fao la miwani lilikuwa zima, halijaguswa. Yule baba aliondoka kwenda kutafuta fedha. Jioni nilipopita wodini kabla ya kwenda nyumbani, mkoba ulikuwa bado uko mapajani.

Sasa hesabu. Kwa kila kampuni andika vitu viwili: mwaka ukiwa mzuri nitatoa kiasi gani, na mwaka ukiwa mbaya nitatoa kiasi gani. Mwaka mzuri ni mchango peke yake, yaani ada unayoilipa kampuni ili uwe na bima. Mwaka mbaya ni mchango, ongeza kiasi unachojilipia kabla bima haijaanza kulipa, ongeza asilimia unayochangia kwenye bili, ongeza chote kinachovuka ukomo. Tuseme bili ya hospitali ni 1,000,000. Bima ya kwanza ina mchango wa 60,000 kwa mwaka, inalipa asilimia 80 ya bili, lakini haivuki 500,000. Ya pili ina mchango wa 90,000, unajilipia 50,000 za mwanzo, na ukomo wake ni 2,000,000. Mwaka mzuri, ya kwanza imekuokolea 30,000. Mwaka mbaya, ya kwanza inakugharimu 560,000 na ya pili 140,000. Ukishaona namba hizo mbili ubavu kwa ubavu, neno "nafuu" linapata maana nyingine kabisa.

Kabla hujasaini, uliza pia mchango hupandaje umri unapoongezeka, na kama mkataba unakuhakikishia kuendelea mwaka ujao hata ukiwa umeugua mwaka huu. Bima inayoweza kukuacha baada ya ugonjwa wa kwanza mimi siihesabu kuwa nafuu, hata ikiwa ya bei ndogo namna gani.

Nina kisukari mwaka wa sita sasa. Wakala amenishauri niiache wazi sehemu ya magonjwa kwenye fomu, eti "watajuaje?"

Jaza. Watajua, na nitakuambia namna wanavyojua. Unalazwa kwa kidonda cha mguu. Daktari wa zamu anakuuliza ulianza lini dawa za sukari, nawe unamwambia ukweli kwa sababu yeye ndiye anayekutibu. Anaandika mstari mmoja kwenye faili: kisukari, miaka sita. Nakala ya faili inakwenda pamoja na bili. Kule kampuni, mtu anaweka faili na fomu yako mezani, analinganisha tarehe. Mkataba unaweza kufutwa tangu siku ya kwanza, na hata ile ajali ya mwaka jana isiyohusiana na sukari ikaingia kwenye mvutano. Bima hudai ukweli kutoka pande zote mbili. Jaji Mansfield wa Uingereza aliuweka wazi msingi huo mwaka 1766, na bado umo, kwa sura tofauti, katika sheria za nchi nyingi. Wakati huo wakala wako atakuwa ameshapata kamisheni yake.

Una njia nyingine. Ikiwa unapoishi kuna mfuko wa bima wa umma unaopokea watu binafsi, anzia huko, kwa sababu mifuko ya aina hiyo kwa kawaida haipangi mchango kwa kuangalia magonjwa ya mtu mmoja mmoja. Uliza pia kama chama cha wataalamu au ushirika ulio karibu nawe una bima ya kikundi. Maswali ya afya huko huwa machache. Na ulizia sheria ya nchi inasemaje. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 2010 ilizikataza kampuni za bima kumkataa mtu au kumtoza zaidi kwa ugonjwa alio nao, na kwa watu wazima ilianza kufanya kazi mwaka 2014. Kwingine kampuni bado zina uhuru huo.

Kwenye bima binafsi, tofautisha "hatulipii kisukari" na "hatulipii kisukari kwa miezi 12 ya mwanzo". La pili unaweza kulivumilia. La kwanza ni la maisha yote. Na wakikubali, tazama kama magonjwa sugu yamewekewa ukomo wake mdogo ndani ya ule mkubwa, kwa sababu hapo ndipo dawa za kila mwezi hukwamia.

Jambo moja zaidi kwako hasa: usichukue bima inayokutaka uchangie sana kila unapokwenda kliniki. Utafiti mkubwa wa taasisi ya RAND nchini Marekani, uliofanywa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliwagawa watu kwenye bima zenye viwango tofauti vya kuchangia. Waliochangia zaidi walipunguza kwenda hospitali, ila walipunguza ziara za lazima sawasawa na zisizo za lazima. Wengi wao afya zao hazikuonekana kudhurika, lakini maskini wenye shinikizo la damu walikuwa na nafuu zaidi walipotibiwa bure. Mwenye ugonjwa wa kufuatiliwa kila mwezi asiwekewe kizingiti mlangoni.

Nitajuaje kama kampuni inalipa kweli? Kwenye matangazo zote zinalipa.

Nenda hospitali ambayo ungependa kutibiwa, uende kwenye dirisha la bima saa ambazo hakuna foleni, na umuulize aliyekaa pale: kadi ya kampuni hii mnaipokea bila shida? Kibali cha kulaza mgonjwa usiku huchukua muda gani? Mimi niliulizwa hivyo mara tatu tu kwa miaka yote ile, na kila mara nilijibu kwa moyo wote. Sisi ndio tuliokuwa tukipiga simu usiku wa manane na kuambiwa tusubiri. Tulijua kampuni ipi hujibu dakika kumi na ipi huacha simu iite mpaka ikate.

Usiishie kwenye orodha ya vituo iliyochapishwa. Hospitali na kampuni huvunja mikataba katikati ya mwaka wakigombania malipo, na karatasi uliyopewa hubaki na jina la zamani. Thibitisha hospitali mbili, moja ya karibu na moja yenye wataalamu wa magonjwa makubwa. Tazama pia ripoti za mamlaka inayosimamia bima, maana katika nchi kadhaa hutangaza hadharani malalamiko yaliyopokelewa dhidi ya kila kampuni.

Kuna bima ya bei ya chini sana inayonilipa fedha taslimu kwa kila siku nitakayolazwa. Si inatosha?

Haitoshi. Hiyo inafidia kipato unachopoteza ukiwa kitandani, nayo ni kazi nzuri kwa mtu asiye na mshahara wa mwezi. Lakini inalipa kwa kuhesabu siku, haiangalii bili. Upasuaji unaweza kukulaza siku mbili tu na ukagharimu kuliko mwezi mzima wodini. Ichukue kama nyongeza ukiwa tayari una bima ya matibabu.

Mama, nina miaka 26 na siumwi. Kwa nini nisingoje mpaka nitakapohitaji?

Mwanangu, kwa sababu siku utakayoihitaji hawatakuuzia, au watakuuzia huku wakikwambia subiri. Kila mtu akingoja mpaka augue, mfuko unabaki na wagonjwa watupu, mchango unapanda, wazima wachache waliobaki wanajitoa, nao unapanda tena. Mchumi George Akerlof alieleza mzunguko huo mwaka 1970 alipouliza kwa nini watu waliovuka miaka 65 walipata tabu kununua bima. Vipindi vya kusubiri, yaani miezi ya mwanzo ambayo unatoa mchango lakini bado hulipiwi, viliwekwa kwa ajili hiyo. Anza sasa na bima ya kulazwa pekee. Kwa umri wako mchango wake huwa wa chini, na miezi ya kusubiri itapita ukiwa mzima. Ajali kwa kawaida hulipiwa mapema zaidi kuliko magonjwa, na kwa kijana ndiyo inayokuja bila hodi.

Nina mimba ya miezi mitatu. Naweza kukata bima sasa?

Kukata unaweza, lakini uzazi huu yamkini hautalipiwa, maana bima nyingi binafsi hutaka miezi 10 hadi 12 ipite kwanza. Elekeza fedha ya mchango wa uzazi kwenye akiba ya kujifungua, na ulizia bima ya umma au huduma za wajawazito za serikali leo hii. Kampuni binafsi yoyote utakayozungumza nayo, iulize jambo moja: mtoto akizaliwa, ataingizwa kwenye bima kuanzia siku ya ngapi? Pengo la wiki chache za mwanzo ni hatari, kwa sababu mtoto njiti au mwenye manjano huhitaji hospitali siku zizo hizo.

Nimeacha kazi mwezi huu. Bima ya mwajiri inakwisha mwisho wa mwezi. Nina muda gani?

Muda ni mfupi, kwa hiyo shughulika wiki hii. Muulize mwajiri au kampuni ya bima kama unaweza kuhamia kwenye mkataba wa binafsi bila kuanza upya kusubiri. Nafasi hiyo ikiwepo huwa na siku maalumu, na ikipita imepita. Marekani, mathalani, sheria iitwayo COBRA humruhusu aliyeacha kazi kuendelea na bima ileile, kwa kawaida hadi miezi 18, ila mchango wote anaulipa mwenyewe. Popote ulipo, omba barua inayoonyesha tarehe ulizokuwa na bima bila kukatika. Kampuni mpya inaweza kukupunguzia miezi ya kusubiri kwa sababu ya barua hiyo, na kuipata baada ya mwaka, ofisi imebadilisha watu, ni kazi.

Chukua dawa zako na vipimo vilivyoagizwa kabla kadi haijazimwa. Hiyo ni haki yako.

Ninunue kwa wakala au niende mwenyewe?

Wakala ni wa kampuni. Dalali wa bima anapaswa kukutafutia wewe, ingawa naye hulipwa kamisheni. Wote wawili waombe leseni. Na mchango ulipe kwenye akaunti ya kampuni yenyewe, kamwe usiulipe kwenye simu ya mtu au mkononi mwake. Nimepokea kadi ambazo mwenye nazo alilipa kila mwezi na kampuni haikumjua.

Dai langu la upasuaji limekataliwa. Nimepigiwa simu tu, nikaambiwa "halimo". Nimekata tamaa.

Usikate tamaa kwa sababu ya simu. Waandikie leo, waombe sababu kwa maandishi pamoja na namba ya kifungu cha mkataba walichotumia. Nimeona madai yakibadilika kwenye hatua hiyo peke yake, kwa kuwa aliyepiga simu hakuwa amefungua mkataba, au hospitali ilikosea herufi moja kwenye namba ya ugonjwa na upasuaji wa lazima ukaonekana wa urembo. Kwa hiyo pitia pia hospitali, uombe nakala ya bili kama ilivyotumwa, na umwombe daktari wako barua fupi inayoeleza kwa nini upasuaji haukuweza kungoja. Viambatanishe kwenye rufaa kwa kampuni, ukihifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakishikilia msimamo, peleka bunda hilohilo kwa mamlaka ya bima. Tarehe za kukata rufaa huwa zimeandikwa kwenye mkataba, kurasa za mwisho. Zitafute usiku huu, kisha uniandikie wametaja kifungu gani, nami nitakusomea kinavyosema.