Jibu: Moyo unaenda mbio usiku tangu mpox itangazwe

Salamu, ndugu wa Kondele. Umesema hulali, moyo unadunda, na kila kipele unakiona mpox, ule ugonjwa wa virusi unaoleta upele. Nilipitia hayo hapa Kisumu Juni 2021, korona ya aina ya Delta ilipotubana na kaunti 13 za ukanda wetu zikawekewa kafyu ya saa moja jioni. Kila kikohozi changu kilikuwa korona.

Angalia kwanza: moyo huanza kudunda ukiwa na simu mkononi? Wangu ulianza nikishapekua magrupu ya WhatsApp, matanga matupu. Nikayanyamazisha, nikabaki na taarifa ya Wizara ya Afya, mara moja, mchana. Kitandani simu marufuku.

Halafu pima joto. Hofu hupanda ikashuka yenyewe, homa haibembelezwi. Kilichonifaa zaidi ni kutoa pumzi polepole kuliko nilivyoivuta, na kutembea asubuhi hadi ufukwe wa Dunga.

Mpox huambukiza hasa kwa kugusana kwa karibu, si kupishana na mtu stejini. Mimi si daktari: upele ukija na homa, au kifua kikiuma, nenda kituo cha afya. Usingizi ukikataa kabisa, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Mimi nilichelewa kupiga, naona aibu.