Jibu: Mbona moto Oktoba, na joto linapungua?

Dada, karibu California. Umeuliza mbona wanatahadharisha moto wakati joto linapungua. Tatizo ni upepo. Tangu Mei mvua karibu hakuna, nyasi zimekauka kau. Kisha hewa ya jangwa la Nevada husukumwa kuelekea baharini. Ikiteremka milimani hupata joto, takriban nyuzi 10 kwa kila kilomita, na kuzidi kukauka. Upepo huo kusini mwa California huitwa Santa Ana, kaskazini Diablo. Kwa mfano, moto wa nyika ulioitwa Tubbs, huko kaskazini, ulianza usiku wa Oktoba 8, 2017. Kabla ya mapambazuko ulishaingia mjini Santa Rosa. Watu walikuwa wamelala! Kwa hiyo likitoka tangazo la bendera nyekundu, yaani tahadhari ya hatari kubwa ya moto, lala na viatu, pasipoti na funguo za gari karibu na kitanda.